Ndoo Tatu za Maji ya Ziwani

Wiki iliyopita nilipita Musoma mjini, pale palipokuwa na karakana ya baba. Siku hizi wanauza makava ya simu. Nilisimama mlangoni kama mjinga, nikitafuta harufu ya chuma cha moto.

Baba alikuwa fundi wa kukereza vyuma. Chuma kikizunguka kwenye mashine, pampu ndogo ilikimwagia maji yaliyochanganywa na mafuta maalumu, kisiungue. Yalikuwa meupe pe, nasi watu wa ng'ombe tukayaita maziwa. Aliyetunza pampu ni msaidizi wake, mtu mzima wa Bunda, ambaye kila asubuhi aliitegea sikio kwanza. Alinitania kwa pengo langu la meno, nami nilimpenda mno.

Kazi yangu ilikuwa kuteka bombani maji ya kuchanganyia. "Ya ziwani waachie samaki," baba alinikumbusha kila siku. Lakini foleni ilikuwa ndefu, na mimi nilitaka kuruka kamba. Siku tatu mfululizo nikachota ndoo yangu ufukweni, palepale akina mama walipooshea dagaa.

Siku ya nne baba alikuwa ametoka. Pampu ikaguna, ikanyamaza. Aliporudi akakagua waya, akapuliza mpira wa maji, kisha akafungua mota. Imeungua.

"Pampu inaungua na wewe upo hapahapa! Ulikuwaga wapi?"

Msaidizi alinitazama, akainamisha kichwa. "Nisamehe, bosi."

Baba akamfukuza jioni ileile. Nilisimama na ndoo yangu, nikafunga mdomo. Nilikuwa na miaka tisa, na bado naona aibu.

Basi wiki iliyopita, kutoka pale kwenye duka la makava, nikapanda gari hadi Nyasura, kule Bunda, nikamkuta yule msaidizi uani kwake anachambua maharage. Nikapiga magoti, nikamweleza yote. Mzee akacheka.

"Mwanangu, chujio la pampu si nilifungua mimi kwanza? Ilikuwa imejaa magamba ya dagaa. Nikayatupa kabla baba yako hajafika. Angekuchapa sana, yule."

Nililia kuliko nilivyolia msibani. Baba tulimzika mwaka jana, na mpaka anaugua alikuwa akisema hakupata tena msaidizi mwenye mikono kama ile, ila uzembe ndio uliomponza. Alilisema hilo mbele yangu, Jumapili nyingi tu, nikimmiminia chai.