Walituambia Tuchemshe

Niliondoka Dzaleka, kambi ya wakimbizi tunakoishi, kwa hasira. Mwaka jana watu wa ofisi ya maji walikuja na chupa, wakachota maji kwenye pampu ya mkono iliyo nyuma ya nyumba zetu, wakaandika majina yetu, wakaenda. Jibu lililotufikia lilikuwa neno moja: chemsheni. Tukachemsha. Binti yangu Neema alichemsha kuliko wote, maana mimba yake ya kwanza iliharibika, na sasa alikuwa akiilinda ya pili. Maji yalibaki na ladha ya chuma.

"Mama, we ulifundisha chimie kule Bukavu," aliniambia, akimaanisha kemia. "Sasa juu ya nini hauendi kuuliza?"

Jumanne asubuhi nilijaza chupa mbili, moja ya pampu yetu na nyingine ya pampu ya kanisani, iliyo mbali. Kibali cha kutoka kambini nilikuwa nimekingoja kwenye benchi siku mbili. Karani aliniuliza ninapeleka nini mjini. Nilipomwambia ninapeleka maji, alicheka.

Kabaza, mwendesha baiskeli ya abiria, alinibeba hadi barabara kuu, nikapata gari. Baada ya mji mdogo wa Lumbadzi, askari wa kizuizini alifungua chupa, akanusa, akanirudishia. Hakuona kitu. Hata mimi sikuwa nimeona kitu, mwaka mzima.

Saa nne nilifika mjini, mtaa wa Area 47, kwa Tadala, mtafiti Mmalawi niliyemshonea gauni la harusi. Tulizungumza Kiingereza, polepole. Kwenye meza ya maabara yake ndogo palikuwa na kichupa cha maji mekundu kama juisi ya rosela.

"Hii ni dhahabu," alisema. "Chembe zake ni ndogo mno, ndiyo maana unaona wekundu. Tumezipaka dawa inayonasa sumu. Zikiikuta, zinakusanyika, na rangi inageuka."

Alidondosha matone kwenye maji ya kanisani. Yakabaki mekundu. Akadondosha kwenye ya kwetu. Yakawa zambarau, kisha buluu, kabla sijamaliza kufuta miwani.

"Ni risasi," alisema. "Inatoka kwenye vyuma vya pampu vinavyolika."

Risasi. Kwa Kiswahili madini hayo yana jina lile lile la kitu tulichokikimbia Kivu.

"Kuchemsha kunaiondoa?"

"Hapana. Maji yanapungua, yenyewe inabaki." Aliinamisha kichwa. "Mama, maji haya nilishayapima. Mwaka jana. Yaligeuka hivi hivi, na mashine kubwa ikathibitisha. Ripoti niliwapa walioyaleta."

"Ulijua kuna watu wanayanywa?"

"Nilijua. Niliambiwa majibu ni ya aliyeleta maji."

"Na aliyeyanywa?"

Alichapisha ile ripoti, akaitia sahihi, akachukua kile kichupa na mkoba wake. "Pepani, mama," alisema, akiniomba radhi kwa lugha yake. "Twende wote."

Alasiri tulifika kambini. Sikupita ofisini. Wanawake walikuwa kwenye foleni ya pampu, na Tadala akapima mbele yao kwenye kikombe cheupe. Bwana wa ofisi ya maji alipokuja, kikombe kilikuwa buluu.

"Mnatia watu hofu," alisema. "Mngengoja barua rasmi."

Neema alimwaga ndoo yake pale pale, karibu na viatu vya yule bwana. "Barua iko mu ofisi yenu tangu mwaka jana," alimwambia. "Mayi njo ilikuwa mu tumbo yangu."

Wanawake wawili wakafungua bolti, tukang'oa mkono wa pampu. Sasa uko chini ya kitanda changu, na hautatoka mpaka vyuma vipya vifungwe na kupimwa mbele yetu. Kila siku tunatembea hadi kanisani kuchota.

Katika safari ile nilijifunza kwamba kujua hakukuhitaji zaidi ya matone machache na kikombe. Kilichowashinda wale watu ni kurudi kutuambia. Neema atajifungua mwezi ujao, na hakuna rangi ya kunionyesha maji yale yameshafanya nini ndani yake.