Ng'ombe wa Kogo

Jumapili ya harambee ya kunichangia karo, jirani yetu alikuja kanisani akivuta ng'ombe wake kwa kamba. Nilidhani ng'ombe ni mgonjwa, ameletwa aombewe. Jirani huyo alikuwa mjane mzee ambaye sote tulimwita Kogo, yaani nyanya, na hakuwa na ng'ombe mwingine. Akamfunga kwenye ua, akamwambia mchungaji, "Muuzeni. Huyu msichana aende akasomee Neno."

Sikujua nicheke au nilie. Hatukuwa hata na undugu. Baba alijaribu kumzuia.

"Wewe nyamaza," Kogo akamjibu. "Ng'ombe ni wangu."

Basi nikaenda chuo cha theolojia. Kigiriki kilinishinda kabisa mwanzoni. Kuna siku nilifunga sanduku nirudi nyumbani nikachume majani chai na mama, halafu nikajiuliza ningemwambia nini Kogo. Nikalifungua tena.

Nilipomaliza nilienda kumshukuru, nikimbebea blanketi na sukari. Akanikaribisha kwa chai ya strungi.

"Pole, pasta, maziwa hakuna," akasema.

Hakunisuta, aliniambia tu. Lakini maneno yote niliyoyapanga njiani yakanipotea, ikatoka "asante" peke yake.

"Mzee wangu alikataa ubatizo mpaka alipokufa," akasema. "Na alikuwa mtu mzuri. Yule ng'ombe ni yeye aliniachia. Sasa wewe umesoma. Mzee yuko wapi?"

Mistari niliijua. Nilijua pia jinsi walimu wetu walivyobishana juu ya jambo hilo. Nikiwa mbele yake, sikuona ni lipi kati ya hayo ningeweza kulisema.

"Sijui, Kogo."

Niliogopa atajuta. Akanitazama sana, akaniongezea chai. "Ukijua, uje uniambie."

"Na nisipojua?"

"Uje tu."

Siku hizi nahudumu kanisa dogo huku Chepseon, na nikipata nafasi naenda kwake. Nilimpelekea ndama, akampokea huku akilalamika kwamba amekonda. Tunachuma chai yake pamoja, ananisimulia habari za mumewe. Namshukuru Mungu kwa ajili yake kila siku, lakini bado sielewi alichotaka Jumapili ile, kama ni mchungaji au ni jibu. Juzi nilimwuliza waziwazi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ngeni.

"Hata mimi sijui," akasema, akaendelea kuchuma.