Uso wa Kulwa

Mwanangu, iko siku moja ambayo haijanitoka akilini, na umenikumbusha wewe jana, uliponiambia umeamua kukaa muda mrefu bila kujitazama kwenye kioo, ujipime kama utaweza. Mimi niliwahi kuishi hivyo. Kaa, nikusimulie.

Nilikuwa na pacha wangu, tumefanana kiasi kwamba hata baba alituchanganya. Yeye aliyetangulia kuzaliwa akaitwa Kulwa, mimi Doto, kama ilivyo desturi yetu Wasukuma. Nilipopata kazi ya kiwanda cha nguo huku Nyakato, yeye alibaki Sengerema, ng'ambo ya ziwa, na mama. Msimu mmoja wa mvua homa ikamchukua, hata hajaolewa.

Baada ya matanga nilirudi kwenye chumba changu cha kupanga. Asubuhi nikasimama mbele ya kioo nichane nywele, nikamwona Kulwa ananitazama. Nilipolia, naye akalia. Kile kioo nikampa jirani, nikaapa sitajitazama tena mpaka moyo utulie.

Mwanzoni nilijiona jasiri. Kitambaa cha kichwa nilifunga kwa kupapasa, nikipita madukani penye vioo nainamisha macho, hata kwenye beseni la maji nilinawa nimefumba. Sasa nacheka, lakini wakati ule haikuwa kichekesho. Taratibu nikaanza kukwepa kupigwa picha, kisha kanisa, kisha watu waliomjua Kulwa. Nyumbani sikwenda kabisa. Kila nilipokiona kivuko kinaondoka kuelekea ng'ambo, niligeuka. Jioni nilikula peke yangu, mlango nimeufunga, na zikapita siku nyingi bila kusikia mtu akinitaja jina.

Ndipo mjomba akaja kunifuata. "Mama yako anakuita," alisema. "Haumwi. Anakuita tu."

Nilimkuta mama uani, anaanika mihogo. Nikapiga goti. "Shikamoo, mama."

Alinishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga, akanitazama mpaka magoti yakaniuma.

"Kulwa nimemzika," alisema. "Wewe nani amekuzika?"

"Mama, naogopa uso huu."

"Huo ndio uso niliobaki nao, Doto. Kila siku natazama njia. Umeninyima."

Nililia mapajani kwake kama mtoto, naye akanisuka nywele polepole, akiniita jina langu mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Sitakudanganya kwamba upweke uliisha siku ile. Upo hata leo, na mama naye ametangulia. Lakini nilirudi kujitazama, na nikawa nakwenda nyumbani kila nilipopata ruhusa kazini. Siku hizi nikiziona mvi zangu kwenye kioo, huwa nawaza kwamba Kulwa naye angekuwa nazo hivi hivi.

Basi, mwanangu, kiache kioo kama umependa, sikukatazi. Lakini jichunguze unaacha nini pamoja nacho. Ukiona umeanza kukwepa hata macho ya wanaokupenda, ivunje ahadi yako bila aibu, uende kwao wakutazame. Kama una huzuni, na wao wana sehemu yao ndani yake. Mungu akulinde, na katika kila nyumba utakayoingia awepo mtu wa kufurahi akiuona uso wako.