Mia Mbili kwa Bila

Nyie mnaojua mpira wa miguu tu, nichekeni, nami nicheke nanyi.

Bosi wangu, Mhindi mwenye duka hapa Mpanda, aliwekeana dau la kriketi na Masanja, mfugaji wa Mwamkulu. Kila mmoja aliweka mbuzi mmoja, mshindi achukue wote; tukawafunga uani kwa bosi. Mchana nikasikia redioni: timu ya Masanja mia mbili, ya bosi haina kitu. Nikajua mechi imekwisha! Nikamkimbilia Masanja mnadani, nikamficha matokeo, nikanunua dau lake kwa baiskeli yangu, ushindi uwe wangu. Kisha nikamchinja mbuzi wa bosi, nikampelekea maini ya kumfariji.

“Pole, bosi. Mmefungwa.”

Akaiangalia sahani.

“Maganga, umemchinja mbuzi wangu? Kriketi ni kwa zamu: wao wamepiga leo, sisi tunaanza kupiga kesho!”