Lori Lililolala Ndani ya Kaseti

Kabla hujaiona nyumba, unaisikia. Mlio mwembamba, mkali, usio na pumzi, unakata uchochoro wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, kama msumeno unaopasua bati. Unapanda, unatetemeka, kisha unakatika ghafla. Mbwa wa jirani anainua kichwa, halafu anakilaza tena. Amezoea.

"Vieux, mzee wangu, panzi yako inalia tena!" anapaza sauti Jeannot, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mashine ya kunyolea mkononi.

"Iko na akili kuliko weye!" linamjibu dirisha.

Ni saa nne asubuhi, Jumamosi. Nyuma ya dirisha hilo ameketi Yuma Djafari, mwenye umri wa miaka 58, fundi wa redio, mkono wa miwani yake umefungwa kwa waya wa shaba. Mbele yake kuna redio-kaseti, televisheni ya zamani yenye mgongo mnene, betri ya pikipiki, na kitu cheusi kisichozidi ukubwa wa daftari, chenye vibonye vya mpira.

Kitu hicho ni kompyuta. Ni ya zile za kwanza kuingia majumbani, miaka zaidi ya arobaini iliyopita, na ule mlio ndio chakula chake. Zamani hizo programu zilihifadhiwa kwenye kaseti za kawaida, kama nyimbo. Kaseti inalia, kompyuta inasikiliza kwa dakika chache, ikielewa inaanza kazi.

"Ikikosa kusikia kadogo tu, inakataa yote," anasema Yuma. "Unarudisha kaseti nyuma, unaanza upya. Lakini ya leo hapana. Ya leo haina upya."

Kaseti ya leo iko juu ya kitambaa cheupe. Mwenyewe, Mama Kasoki, mfanyabiashara wa miaka 52, ameketi kwenye kigoda, mikono magotini, kama mtu anayesubiri daktari atoke chumbani.

Wiki tatu zilizopita Yuma aliipiga kaseti hiyo mara moja tu. Alipopangusa kichwa cha redio, kile kinachosoma utepe, pamba ilitoka na rangi ya chai. Utepe umezeeka, kila unapopita unaacha ngozi yake. "Iko na nguvu ya mara moja," alimwambia Kasoki siku ile. "Labda mbili. Ya tatu sitaki hata kuiwaza." Tangu hapo amekuwa akifanya mazoezi kwa kaseti nyingine, na mtaa mzima umefanya mazoezi naye.

Yuma ni mjukuu wa mshonaji aliyetoka Kasongo, Maniema, kwa miguu. Ukoo wote ulishika cherehani. Yeye akashika bisibisi. Oktoba 1991, mji ulipoporwa, alikuwa kijana akirudi nyumbani kutoka katikati ya mji. Watu walipita na friji mabegani, magodoro, hata milango. Ndani ya mtaro akaona kitu cheusi kimetupwa.

"Waliochukua televisheni, hiyo waliitupa. Walifikiri ni piano ya mutoto," anasema, kisha anacheka mpaka miwani inateleza. "Na miye nilifikiri vilevile! Nilibonya kutoka asubuhi mpaka saa sita, nangojea iimbe."

Alimtafuta mwenye mali. Akaambiwa amekwisha kupanda ndege uwanja wa Luano na harudi. Ilipita miaka miwili hadi mwalimu mmoja alipomwazima kijitabu cha Kifaransa, akajua kwamba kile kitu kinataka televisheni na kaseti. Mwaka 1993, herufi za kwanza zilipotokea kwenye kioo, Yuma alimwita mkewe aje aone. Mariam akaja, akaangalia, akauliza, "Basi?"

Leo wana kompyuta kumi na tisa. Nyingine zilitoka stoo za ofisi, nyingine zilivuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka migodi ya Zambia. Kumi na moja zinaamka. Chini ya vibonye huwa kuna karatasi laini ya plastiki inayopitisha umeme, nayo hukatika kwa uzee. Ya kununua haipatikani mjini, kwa hiyo Yuma hukata picha za eksirei za vifua vya watu zilizotupwa na kubandika juu yake nyuzi za shaba.

"Hii yote iko na mbavu za bantu," anasema, akiipapasa ile nyeusi.

Kazi ya redio na spika humpa faranga elfu kumi hadi elfu kumi na tano kwa siku, siku ambayo wateja wamekuja. Kompyuta hazimpi kitu. Mariam, anayeuza vitumbua mlangoni, amekwisha kufanya amani nazo, kwa namna yake.

"Baba Adija angeoa bibi wa pili, ningejua jina lake," anasema, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Lakini hawa bako kumi na tisa! Nitagombana na nani?"

Nyumba hiyo ina sheria moja: hakuna mashine inayovuka mlango. Mwaka 1997, serikali ilipoanguka na mji ukabadilisha mabwana, Yuma alimwazima binamu yake mashine moja. Alipoifuata baada ya miezi sita aliikuta sakafuni, inazuia mlango usipigwe na upepo. Aliibeba kifuani, na tangu siku hiyo hajaazima tena, hajauza, hajatoa.

Mama Kasoki aliletwa na ule mlio. Alikuwa muuzaji wa unga na maharage kwa jumla mjini Goma hadi Januari mwaka huu, 2025, vita vilipoufikia mji. Duka likabaki kuta. Akapita Rwanda, Tanzania na Zambia kwa basi, siku kumi na moja, mpaka kwa shangazi yake hapa Katuba.

"Nilibeba nguo mbili, carte yangu ya kitambulisho, na kaseti," anasema. "Ndani yake kuna kwaya ya parokia yetu ya Butembo. Sauti ya mbele ni ya Mama yangu. Amekufa zamani. Sikuweza kumwacha Goma."

Asubuhi moja alipita kwa Jeannot, akasikia panzi wa Yuma. Miguu ikakataa kwenda.

Aliujua mlio ule. Kaka yake, Paluku, alisoma ufundi Lubumbashi mwishoni mwa miaka ya themanini, akanunua kompyuta kwa Mzambia mmoja. Aliporudi nyumbani mwaka 1992 alikuwa mgonjwa, mashine ameiuza apate dawa. Alimpa mdogo wake kaseti. Baba yao alikuwa na lori lililopiga njia ya Butembo hadi Goma, na Paluku, kama mtoto wa kwanza wa kiume, alikuwa akipanda. Kasoki alikuwa akibaki kwenye lango akilia. Msichana hapandi lori.

"Paluku akaniambia, 'Kasoki, lori ya Papa iko humu. Nimekupakia.' Nilifikiri ni homa inasema."

Paluku alifariki mwezi uliofuata. Kasoki akaiweka kaseti kwenye redio, ikalia kriii. Akadhani imeharibika. Mwaka uliofuata kwaya ilipohitaji kaseti, akaitoa hiyo.

"Miye mwenyewe nilibonya ya kurekodi," anasema, na kidole chake kinabonya hewa. "Nilimfunika kaka yangu kwa Aleluya."

Yuma anatikisa kichwa. Amemwambia mara nyingi na anamwambia tena: waandishi wa programu wa enzi zile walikuwa na desturi ya kuhifadhi mara mbili, nakala ya pili nyuma ya ya kwanza, kwa sababu kaseti ni mwongo. Kwaya imeifunika ya kwanza. Wiki tatu zilizopita, wimbo ulipokwisha, aliisikia ya pili. Aliinakili pamoja na wimbo, lakini kompyuta ikaikataa nakala hiyo. "Sauti ilikuwa na mafua," anaeleza. Kichwa cha redio yake hakikukaa sawa na kile cha redio ya Paluku.

Tiba ni skrubu moja ndogo. Ikizungushwa kadiri ya unywele mmoja, mlio unanoleka. Programu huanza kwa mlio ulionyooka wa sekunde tano hivi. Ndani ya hizo tano, Yuma lazima apate mahali pake kwa sikio.

"Mama Adija, zima hiyo redio yako ya nje. Jeannot! Nyamaza!"

"Nimenyamaza, Vieux!"

Anaweka kaseti. Anabonya. Sauti ya mama wa Kasoki inamalizia Aleluya yake, nyembamba, ya mbali. Kimya. Kisha mlio.

Bisibisi inazunguka. Mlio ni mzito, mzito, halafu unanoleka kama kisu kikitoka kwenye jiwe. Yuma anaondoa mkono. Kwenye kioo mistari myeusi na myeupe inaanza kukimbia. Dakika ya kwanza. Ya pili. Kasoki amefumba macho. Mariam amesimama mlangoni na kitumbua kibichi kwenye kijiko, mafuta yanaungua jikoni na haondoki.

Mlio unakatika. Kioo kinakuwa cheupe, kisha herufi zinajipanga:

BUTEMBO – GOMA
CHAUFFEUR: PAPA
BOY-CHAUFFEUR: KASOKI

Kasoki anasogea, anagusa jina lake kwenye kioo, penye kazi ya utingo, mtu anayekaa juu ya mizigo na kuruka chini lori likikwama. Yuma kwanza anahifadhi programu kwenye kaseti tatu mpya, moja baada ya nyingine. Ndipo anampisha kiti.

Lori ni vijisanduku vitatu tu na magurudumu mawili. Linapanda, linateleza. Karibu na Lubero linazama kwenye matope, na chini ya kioo yanatokea maneno: KASOKI SHUKA USUKUME.

Anapasuka kucheka, machozi yakimwagika. "Paluku weye! Hata umekufa unanituma!" Anabonya, anabonya, mpaka lori linatoka.

Halikufika Goma asubuhi hiyo. Kasoki aliliangusha mara nne, na kila mara alicheka zaidi. Barabara yenyewe ya Butembo na Goma leo imekatwa na vita. Hakuna lori linalopita. Lakini yeye anasema atarudi, atafungua duka upya, na anataka wajukuu zake waone lori la babu yao mkuu.

"Hizi kaseti nitabeba," anasema akijifuta uso. "Lakini kule nitazichezea kwa mashine gani?"

Yuma anatazama mashine nyeusi yenye mbavu za watu. Anatazama mlango. Mariam naye anamtazama, mikono kiunoni, maana anaijua sheria.

"Mama Kasoki," anasema Yuma, kwa sauti ya kusikika hadi kwa Jeannot, "siku barabara itafunguka, hii mashine nitakuletea Goma. Sitaituma kwa muntu. Nitaibeba mwenyewe, na lori ikilala njiani, ni miye nitashuka kusukuma."