Mume Wangu Alinivizia Kazini, Sasa Anataka Nikapige Magoti

Admin, nifichie jina. Na nyie wa kuandika "muombee mumeo", leo nipisheni, nina hasira.

Nina miaka 31, nimeolewa, nina mtoto wa miaka minne. Tunaishi Kilakala, Morogoro. Mwaka jana nilipata kazi ya mapokezi kwenye ofisi moja Posta, katikati ya Dar. Nilifurahi mpaka nilipoanza kutafuta chumba. Jamani! Nilichoonyeshwa, kitanda kikiingia mlango haufungi, na mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mume wangu akasema, "Kwa hela hiyo huku tunapanga nyumba nzima. Treni si ipo? Uwe unaenda na kurudi." Wazo lilikuwa lake, mlielewe hilo.

Nikawa naondoka alfajiri, narudi jua limezama. Chakula cha mchana cha pale mjini sikiwezi, kwa hiyo nilibeba ndizi zangu kutoka nyumbani, nakula kwenye ngazi za nyuma pamoja na mlinzi wa jengo, mzee ambaye naye hubeba chake.

Mama mkwe akaja kutoka Mkuyuni kutulelea mtoto. Wiki ya pili tu akaanza. Namwambia, "Shikamoo mama," ananijibu, "Marahaba. Huyo wako wa Dar hajambo?" Mbele ya mtoto! Mume wangu badala ya kumkanya mama yake, akaanza kunusa nguo zangu nikirudi.

Siku moja nipo kwenye zile ngazi nakula, nikasikia, "Kumbe ndiye huyu!" Kuinua uso, mume wangu. Alipanda behewa la nyuma asubuhi, akajibanza nje ya ofisi mpaka mchana. Akapiga teke chakula changu, akamkaba mzee wa watu shati.

"Baba Tumaini, huyu ni mlinzi, tunakula tu!"

"Mjini unakula na wanaume, nyumbani unasema umechoka!"

Wateja wakatoa simu, wakarekodi. Nikasimamishwa kazi siku hiyohiyo.

Nilidhani tukifika nyumbani ataniomba msamaha. Mama yake akatufungulia mlango, hata pole hakuna, akamuuliza, "Umemkuta naye?" Mume wangu akajibu, "Nimemkuta." Alikuwa anajua ni uongo. Hapo ndipo aliponimaliza.

Sasa ni mwezi wa pili sina kazi. Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti, kazi hazipo kila wiki, na hata unga umekuwa ugomvi. Mtu huyohuyo ananiambia, "Nenda kampigie bosi wako magoti."

Juzi bosi kanipigia mwenyewe. Mlinzi alimweleza ukweli. Nafasi yangu ipo, ila nihamie Dar kabisa, hataki tena vurugu za mume kunivizia. Dada wa usafi wa pale ofisini kakubali tuchangie chumba chake, tulale kitanda kimoja. Mtoto hana pa kukaa pale.

Nikamwambia mume wangu, "Kwanza mwambie mama yako, mbele yangu, kwamba hukunikuta na mtu." Akacheka. "Mama ni mtu mzima, atasahau tu."

Bosi anataka jibu Jumatatu. Nikienda, mwanangu atalelewa na bibi anayemwambia mama yake ni malaya. Nikibaki, tutalala njaa na malaya nitaitwa vilevile. Msiniambie nivumilie, hiyo nimeshafanya. Wenye akili zenu nishaurini, mngekuwa mimi mngefanya nini?