Koki Chini ya Beseni la Mama Solange

Maji ya moto ya utoto wangu yalinukia dawa ya nywele. Yalitoka saluni, ndani ya ndoo kuukuu ya rangi ya ukuta, ya lita kumi, na nilipofunua kifuniko mvuke ulinipanda usoni na harufu ya shampuu, mafuta ya nazi na nywele zilizoungua kidogo. Hadi leo nikipita mbele ya saluni yoyote mjini Durban, vidole vyangu hujikunja vyenyewe kana kwamba vinatafuta mpini wa ndoo. Watu husema Durban haina baridi. Hao hawajalala mwezi wa Julai katika nyumba kongwe ya mtaa wa Point, yenye dari ndefu kama ya kanisa na sakafu ya mbao inayopitisha upepo wa bandarini kwa chini, mpaka blanketi inakuwa na unyevu kama nguo iliyoanuliwa kabla ya wakati.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumetoka Goma, tukapata chumba cha nyuma katika nyumba hiyo. Baba alilinda magari ya watu South Beach tangu alfajiri hadi usiku, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi na mama, na mama alikuwa mjamzito. Mwenye nyumba hatukuwahi kumwona. Aliyetawala pale alikuwa Mama Solange, mpangaji mkuu, mwanamke mnene wa kwetu kwetu aliyeikodi nyumba nzima na kutugawia vyumba. Yeye alikaa chumba cha mbele, kilichokuwa na bafu lake. Sisi wengine, familia tano, tulitumia bafu la pamoja mwisho wa ukumbi, ambako bomba lilitoa maji ya baridi tu. Kupasha maji ya kuoga kwenye jiko la pamoja kulikatazwa. Sufuria ya maji ikionekana juu ya jiko bila unga pembeni, Mama Solange aliishusha kwa mkono wake mwenyewe na kuyamwaga.

Katikati ya baridi hiyo mama akajifungua mdogo wangu, Imani. Siku ya pili akarudi kutoka hospitali akitembea kwa kushika ukuta. Kwetu, mwanamke aliyejifungua hakogi maji ya baridi; hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, tumbo na mgongo, mpaka siku arobaini zitimie. Ni haki yake, hata maadui humpa. Nilitumwa kwenda kuomba ndoo moja kwenye bafu la mbele. Mama Solange alikuwa na taulo kichwani, mvuke ukitoka nyuma yake kama moshi wa garimoshi.

"Tanki iko kadogo, inatosha mutu moja," aliniambia. "Na tuyau ya kwenda kwenu ilioza zamani. Kama munapenda maji ya moto, murudie Goma ku volcan."

Akacheka, akafunga mlango. Nikapeleka jibu kwa mama kama lilivyo, pamoja na volkano. Mama akasema bomba likioza limeoza, si kosa la mtu. Alimwamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote.

Aliyetuokoa ni Tantine Bijou, mwenye saluni ng'ambo ya barabara, ambaye hatukuwa na udugu naye wowote. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kila asubuhi kabla ya shule, na kila jioni, alinijazia ndoo kutoka kwenye birika kubwa la kuoshea wateja. Kazi yangu ilikuwa kuifikisha ikiwa bado ya moto. Umbali haukuwa mkubwa, ila katikati kulikuwa na roboti, kama wanavyoita Durban zile taa za barabarani, na roboti ile iliwahurumia wenye magari tu. Ikiwa nyekundu kwa waendao kwa miguu nilisimama ndoo ikining'inia mbele ya magoti, malori ya bandarini yakipita, nikiona mvuke ukipungua kwenye ukingo wa kifuniko. Nilikuwa nikiisihi roboti kimoyomoyo kama mtu anayemsihi askari. Nilifika nyumbani, mama akatia kiwiko chake majini, akasema, "Iko muzuri, mwanangu." Nilijua si mazuri. Yalikuwa vuguvugu.

Basi nikaanza kupambana na ile roboti. Niliifunga ndoo kwa kitenge, maji yakapoa. Nikaifunga kwa magazeti tabaka nne, halafu kitenge juu yake. Yakapoa polepole zaidi. Nikaona joto lingi linakimbilia juu, nikakata kipande cha godoro kuukuu nikakiweka chini ya kifuniko. Siku hiyo mama alitia kiwiko akakitoa haraka, akacheka kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Wahandisi wengi nimewazidi baadaye, na nasema bila aibu kwamba nilianza kuwazidi nikiwa darasa la tatu. Lakini kulikuwa na siku ambazo hata gazeti halikufaa kitu, na asubuhi hizo, wakati mama akijikanda na maji yaliyokufa huku akitetemeka, tulimsikia Mama Solange kule mbele bafuni mwake akioga na kuimba nyimbo za kanisani, beti zote. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mgongo wa mama haukupona sawasawa. Kila Julai unamkumbusha.

Nilipomaliza shule shangazi alinichukua Nairobi. Nikaingia chuo cha ufundi, msichana pekee katika darasa la mabomba, nikatoka na diploma na nafasi ya kwanza. Nimefunga maji ya moto katika hoteli ambazo Mama Solange hawezi hata kuomba choo. Kisha nikarudi Durban, nikafanya mtihani wao wa ufundi nikaupasua, na leo gari langu lina jina langu ubavuni kwa herufi ambazo mtu anazisoma toka upande wa pili wa barabara. Mwaka huu binti aliyerithi ile nyumba ya Point alinipigia simu. Alitaka tangi la zamani liondolewe na mfumo mzima ufanywe upya: mashine mpya inayochota joto la hewani na kulitia majini, tangi kubwa, mabomba mapya kila chumba. Alinipa miezi miwili, akaniachia nipange mwenyewe chumba kipi kianze. Alipoitaja anwani nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Nilipanda darini peke yangu. Tangi lilikuwa pale pale, lenye kutu. Nikafuta kibao chake kwa kitambaa, nikasoma: lita mia mbili. Mia mbili! Linatosha nyumba nzima kuoga kwa zamu. Nikaufuata mwanga wa tochi yangu kando ya bomba la bafu la pamoja, la shaba, zima kama siku lilipofungwa, mpaka likashuka ukutani na kuingia chumba cha mbele. Nikashuka, nikabisha hodi. Mama Solange alinifungulia kwa mkongojo, amekonda, magoti yamemvimba. Hakunitambua. Nikapiga magoti chini ya beseni lake la kunawia, nikatoa kibao cha mbao, na hapo ilikuwepo: koki ndogo ya shaba ya kuzuia maji, imefungwa hadi mwisho. Niliizungusha kwa spana. Maji yakakoroma ndani ya ukuta, na mwisho wa ukumbi nikasikia bomba la bafu la pamoja, nililokuwa nimeliacha wazi, likitapika kutu, kisha maji safi, ya moto, yaliyochelewa miaka ishirini na miwili.

Maji ya moto hayachomi nyumba, lakini mimi sikutaka kuchoma nyumba. Niliing'oa ile koki, nikaliondoa tangi la zamani, nikafunga mfumo mpya, nikaanza na bafu la pamoja, kisha chumba cha nyuma, kisha vingine vyote. Cha mbele nikakiacha. Asubuhi ya kwanza wapangaji walipiga vigelegele ukumbini, na Mama Solange akatoka na taulo kichwani.

"Ma fille, na kwangu?"

"Tuyau yenu ilioza, Maman."

"Ilioza? Mais juzi ilikuwa inatoa maji!"

"Njo vile tuyau zinafanyaka. Zinaoza bila kupiga hodi."

Nadège, kijana auzaye simu aliyepanga chumba chetu cha zamani, akachungulia na mswaki mdomoni. "Eish, Mama Solange! Leo uko ku foleni kama sisi!"

Wakacheka wote. Mama Solange akanitazama, akaitazama ile koki niliyokuwa nikiichezea mkononi, na nikaona mwanga ukimwingia polepole.

"Weye uko mutoto ya nani?"

"Ya Mama Imani. Chumba ya nyuma. Mwenye alizalaka mu mwezi ya baridi."

Akaegemea mlango. "Ile iko ya zamani, mwanangu. Nilikuwa naogopa facture ya courant, ile deni ya umeme."

"Mimi nilikuwa naogopa roboti," nikamjibu, nikaenda kwenye kazi yangu.

Aliyasubiri maji yake siku arobaini kamili. Bomba lake lilikuwa tayari tangu siku ya tatu. Ilibaki kazi ya dakika kumi, na spana ilikuwa mfukoni mwangu. Kila asubuhi nilimwona akivuta ndoo yake nusu nusu kutoka bafu la pamoja, na kila asubuhi chai yangu ilikuwa tamu. Wapo watakaosema nimsamehe mzee. Wao waliogea wapi mwaka ule? Siku ya arobaini na moja nilimfungulia maji, na ile koki kuukuu nikaenda nayo nyumbani.

Sasa mama anakaa nami South Beach, ghorofa ya kumi na nne, ambako maji ya moto hufika bombani kabla hujamaliza kukunja mkono wa nguo, maana mabomba yale niliyavika mwenyewe koti la kuhifadhi joto. Jioni hiyo alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni. Nikaiweka koki mezani mbele yake, nikamweleza yote, tangi, bomba na siku arobaini. Aliigeuzageuza kiganjani kwa muda mrefu.

"Ndoo alikuwa anaibeba yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

"Kuko roboti mu njia?"

"Hapana, mama. Ni ukumbi tu. Hatua kumi na mbili."

Mama akairudisha koki mezani, akaongeza maji ya moto miguuni.

"Basi maji yake haikupoaka," akasema.